Kombe Linaweza Kuingia

Karibu nusu ya msimu Truphosa aliamini kwamba kila Jumamosi, mechi ikiisha, mumewe alikaa mezani na wenzake akala. Hakuwa na sababu ya kutoamini. Walter alirudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaketi kuvua viatu, na kabla kiatu cha pili hakijatoka alikuwa amekwisha kuanza habari za klabu walikokula: zulia la kijani, piano ambayo hakuna aliyejua kuipiga, picha ya Malkia juu ya meko. Alieleza jinsi soseji zilivyokatwa na mkate ulivyopakwa siagi hadi pembeni. Truphosa alikuwa muuguzi, na Jumamosi zake nyingi ziliishia wodini. Alimsikiliza huku akipiga pasi yunifomu yake, akafurahi kwamba angalau mmoja wao amepata watu wa kukaa nao katika mji huu.

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli, na hata Waingereza wa Saltley, mtaa walioishi, waliucheka. Ron Hadley, msimamizi wa idara ya kukandamiza mabati kiwandani, alikuwa amefundishwa na askari wa Kimarekani wakati wa vita, na tangu hapo ugonjwa huo haukumtoka. Timu yake ilicheza katika daraja la chini la ligi ndogo ya miji ya jirani, kwenye viwanja vya bustani za umma, mbele ya wake za wachezaji na mbwa wao. Siku moja wakati wa mapumziko alimwona Walter akitupa vipande vya chuma ndani ya pipa lililokuwa upande wa pili wa ua. Alisimama akatazama, chai yake ikapoa. Kisha akamwambia, "Jumamosi uje bustanini."

Kwa hiyo kiangazi hicho cha mwaka 1971 Walter akawa mrushaji wa Saltley. Mdakaji wake alikuwa Lakhbir Singh, fundi umeme wa kiwanda hichohicho, mzaliwa wa Kisumu, ambaye huko kwao alikuwa golikipa wa hoki na hakuogopa kitu chochote kinachomjia usoni. Timu ambayo mwaka uliopita ilikuwa mkiani ikaanza kupanda.

*

Mwezi wa saba Truphosa alipata Jumamosi moja ya mapumziko. Hakumwambia Walter. Alimvisha Jemima, binti yao wa miaka saba, gauni la njano, akafunga maandazi kwenye kitambaa, wakatembea hadi bustanini.

Walikuta mechi imeshika moto. Walter alisimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu cha udongo, peke yake, mpira mkononi. Mbele yake alisimama mpinzani mwenye gongo, na nyuma ya mpinzani huyo alichuchumaa Lakhbir, kilemba kidogo kimebanwa chini ya kinyago cha chuma. Mpinzani alitakiwa augonge mpira. Akiukosa mara tatu, anatoka.

"Huyu anapenda za juu!" Lakhbir alipiga kelele kwa Kiswahili. "Mpe ya chini, ya magoti!"

Walter akampa ya magoti. Gongo likapita hewani.

"Sasa anadhani utarudia! Mpe ileile!"

Uwanja mzima ulisikia na hakuna aliyeelewa. Truphosa alicheka hadi akashika mdomo. Hakuwa amemwona mumewe akisimama namna ile tangu waje Uingereza, mabega yamefunguka, bila haraka, watu wote wakimsubiri yeye. Jemima aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikielewa lakini hakukisema, kama baba ndiye mkubwa wa mchezo. "Leo ndiye," Truphosa alimjibu.

Saltley walishinda. Walter alipowaona mkewe na mtoto kando ya uwanja, uso wake ulifurahi, halafu ukabadilika. Truphosa aliyaona yote mawili. Hilo la pili hakulielewa.

"Mngeniambia mnakuja," alisema Walter.

"Ningekuambia ungepanga. Twende tukaone zulia."

"Jemima amechoka. Twendeni nyumbani."

"Jemima hajachoka," alisema Truphosa, na kwa sababu wake za wachezaji wengine walikuwa wameanza kutembea kuelekea klabu, akafuatana nao. Mmoja wao alimsifia gauni la mtoto. Walizungumza juu ya bei ya nguo hadi mlangoni.

Mlangoni alikaa mzee mwenye tai, Bwana Tibbetts. Wale wanawake walimsalimu wakapita. Truphosa alipoinua mguu, mzee alinyoosha mkono mbele yake kama mtu anayezuia mtoto barabarani. Hakuwa mkali.

"Si wewe, binti," alisema. "Wenu wanakaa upande wa nyuma. Mumeo anajua."

Mwanamke aliyekuwa akizungumza naye aligeuka nusu, akaona, akaingia ndani.

Walter alimfikia hapo. Alimshika Jemima mkono akawaongoza kuzunguka jengo hadi uani, palipokuwa na mapipa matupu ya bia na ukuta mfupi. Lakhbir alikuwa amekwisha kukaa juu ya ukuta huo, kinyago miguuni. Alipomwona Truphosa alisimama upesi, akapangusa sehemu ya ukuta kwa kiganja chake.

"Karibu, Mama Jemima," alisema, na macho yake yakaenda kwa Walter.

Dirisha la jikoni lilifunguka. Mkono ukatoa sahani ya mkate na soseji, ukarudi, ukatoa sahani nyingine. Soseji zilikuwa zimekatwa hasa kama Walter alivyozieleza. Ndani mtu aliipiga piano vibaya.

Jemima aliuliza kwa nini watu wengine wanakula ndani.

"Kula," alisema baba yake.

Truphosa alishika sahani kwa mikono miwili, kama mgeni mwenye adabu. Hakula hata kipande, lakini hakuiweka chini mpaka wakati wa kuondoka ulipofika.

*

"Zulia la kijani," alisema walipofika nyumbani.

Walter alikuwa anavua viatu. "Mama Jemima..."

"Piano. Picha ya Malkia. Ulizitoa wapi?"

"Kevin wa timu yetu ananihadithia kiwandani. Mengine nayaona mlango ukifunguliwa."

"Na kwa nini uniletee mimi?"

"Ulikuwa unarudi kazini umechoka. Ulipenda kusikia."

"Nilipenda kwa sababu nilidhani ni kweli." Alimtuma Jemima juu akabadilishe nguo, akangoja nyayo zifike ghorofani. "Wewe hata bia hujawahi kuonja. Mimi na wewe tumelelewa Kaimosi, kanisani kwa Friends, watu wasiogusa pombe. Unatafuta nini kwenye baa?"

"Sitaki bia. Nataka kukaa kwenye kiti."

Truphosa aliketi mbele yake. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Juzi mgonjwa alisema nisimguse. Sista, mkuu wa wodi, akaniambia niende nikaoshe mabeseni mpaka atulie. Nikaenda. Nilikwenda kwa sababu ni kazi, na Jemima lazima ale. Lakini wewe Jumamosi hulazimishwi na mtu. Unavaa, unachana nywele, unakwenda mwenyewe kudharauliwa."

"Kiwandani siitwi hata jina," alisema Walter. "Wiki nzima mimi ni 'wewe pale'. Halafu Jumamosi mtu anasimama mbele yangu na gongo lake, ananiangalia mimi, anaogopa. Umeona leo. Sijui nikuambie vipi."

"Nimeona."

"Na ipo ile nafasi ya ukaguzi. Hadley amesema msimu ukiisha ataniombea. Nitavaa koti safi, nitapima mabati badala ya kuyakandamiza."

"Kwa hiyo tunakula kwenye mapipa ili upate koti."

"Mama Jemima, nisaidie. Usinimalize."

Alisema hivyo akiwa bado ameshika kiatu, kwa mkono uleule uliowatisha watu wazima bustanini. Truphosa aliingia jikoni akawasha jiko. Jioni ile walikula ugali na sukumawiki za kopo, ambazo kwa kweli zilikuwa spinachi, na mazungumzo yalikuwa ya Jemima tu.

*

Jumatatu Walter alikwenda kwenye ofisi ndogo ya vioo ya Ron Hadley, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuitwa. Alisimama na kofia mkononi.

"Mista Hadley, nauliza juu ya klabu. Mimi na Lakhbir. Tuingie kama wenzetu."

Ron alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Alimfundisha Walter kushika mpira kwa vidole viwili, na mvua iliponyesha alimpeleka nyumbani kwa gari lake. Pia alikuwa mwenyekiti wa klabu. Alikuna shingo.

"Ni sheria ya wanachama, Walter, si yangu. Klabu ya watu binafsi. Hakuna serikali inayoweza kuwaambia wamkaribishe nani."

"Najua. Naomba uwaulize."

"Nitawaulizia," alisema Ron. "Mkutano ni wiki ijayo. Watapiga kura."

Wiki hiyo ilikwenda polepole. Watu kiwandani walijua, na baadhi yao waliokuwa wakimsalimu Walter walianza kuangalia saa wakimwona. Kevin, kijana aliyecheza upande wa kushoto na aliyemhadithia habari za klabu, alimwambia asiwe na wasiwasi, kura zipo. Asubuhi baada ya mkutano Ron aliwakuta Walter na Lakhbir kando ya mashine. Ilibidi aseme kwa sauti kubwa kwa sababu ya kelele.

"Kura hazikutosha, jamani. Samahani. Mwakani tutajaribu tena."

Alimpiga Walter begani, lile bega la kurushia, akaenda zake.

Lakhbir alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi," alisema. "Mimi nimeacha."

"Singh, tumalize msimu tu. Tumebaki na mechi chache. Tukishinda hizi tunacheza fainali."

"Malizia wewe. Kule Kisumu, nilikozaliwa, waliniambia mimi mgeni, nina pasipoti ya Malkia. Nikasema sawa, nikaja kwa Malkia. Sasa huku naletewa sahani dirishani. Mimi si paka, Walter."

"Unadhani mimi ni paka?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Lakhbir alichukua bisibisi yake. Alirudi kwenye nyaya zake. Jioni alikiacha kinyago cha chuma mezani kwa Ron bila maelezo.

*

Walter aliendelea. Mdakaji mpya alikuwa mwanamume mmoja mnene wa idara ya rangi, mtu mpole aliyefumba macho kila mpira ulipomkaribia. Mipira ya Walter ilimpita ikaenda hadi kwenye uzio. Hakuna aliyepiga kelele kwa Kiswahili. Walter alijaribu kukisia peke yake nani anapenda za juu na nani za chini, akakosea, na Saltley wakafungwa na timu ambayo walikuwa wameipiga vibaya mwezi wa tano. Baadaye alikaa ukutani peke yake. Sahani ilipotoka dirishani alisema asante, akaiweka juu ya pipa, akarudi nyumbani kwa miguu.

Truphosa alimkuta kwenye beseni uani, anafua suruali ya mchezo. Hakuwa na zulia wala piano ya kuhadithia.

"Mmefungwa?"

"Tumefungwa."

"Walikuwa wazuri?"

"Hapana. Sisi ndio wabaya."

Aliikamua suruali, akaitundika kambani, akabaki ameishika kiunoni kama inaweza kuanguka. Truphosa alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kumwambia aache mchezo huu. Maneno aliyapanga kwenye basi, akaenda nayo na kurudi nayo. Sasa alipomwona pale kwenye kamba, aligundua kwamba hataki kuyasema.

"Fainali mtafika?" aliuliza.

"Tukishinda Jumamosi ijayo tutafika. Hata kwa bahati."

"Basi mkifika, usicheze peke yako. Nenda kwa Lakhbir."

"Amesema mimi ni paka."

"Nenda. Nitakusindikiza."

Jumamosi iliyofuata walishinda, kwa bahati kweli, kwa sababu timu pinzani ilikuja pungufu. Kesho yake baada ya kanisa Walter na Truphosa walikwenda Washwood Heath, nyumbani kwa Lakhbir. Mkewe, Gurmeet, aliwafungulia akasema kwa Kiswahili kilekile cha Kisumu, "Karibuni, karibuni, mmepotea," akawapa chai nzito yenye iliki. Wanaume wawili walitazama vikombe. Wanawake wakaulizana habari za watoto, wakazimaliza.

"Nimekuja kuomba," alisema Walter mwishowe. "Siombi kwa ajili ya Hadley. Naomba kwa ajili yangu. Mechi moja."

"Baada ya mechi?" aliuliza Lakhbir.

"Sikai tena pale nyuma. Hata nikifa njaa."

"Utakaa wapi?"

"Sijui. Sikai pale."

Lakhbir alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. "Yule mnene anafumba macho," alisema.

"Umesikia?"

"Kiwanda kizima kimesikia." Alianza kucheka, Walter naye akacheka, na Gurmeet akaenda kuongeza maji kwenye birika.

*

Fainali ilichezwa mwezi wa tisa, dhidi ya timu ya Coventry. Siku ilikuwa ya baridi lakini kavu. Truphosa alibadilishana zamu na mwenzake, akaja na Jemima, na Gurmeet akaja na blanketi la kukalia. Coventry walikuwa na mpigaji mmoja mrefu ambaye mara mbili aliupeleka mpira mbali hadi kwenye miti. Hadi kipindi cha mwisho timu zilikuwa sawa. Saltley wakapata pointi moja, na Coventry wakaja kupiga kwa mara ya mwisho, yule mrefu akiwa wa mwisho wao, mwenzake amekwisha kufika kituo cha tatu, tayari kukimbia kufunga pointi ya kusawazisha.

Walter alikuwa amechoka. Bega lilimuuma tangu katikati ya mechi na hakuwa amemwambia mtu.

"Walter!" Lakhbir aliinua kinyago. "Bega?"

"Linauma."

"Basi usitupe kwa nguvu. Anangoja nguvu. Mpe ya polepole, kama unampa mtoto."

Walter akamrushia ya polepole. Yule mrefu alizungusha gongo mapema mno, akajizungusha mwenyewe, nusura aanguke. Ya pili alirusha kwa nguvu zote zilizobaki, nje kidogo, na yule mrefu akaikosa. Kwa ya tatu Lakhbir alinyoosha tu glovu chini ya magoti. Mpira ulifika palepale, gongo likapita juu yake.

Wachezaji walimrukia Walter wakamwangusha. Mtu wa ligi alileta kombe, kikombe kidogo cha fedha chenye kibonyeo ubavuni, na Ron, macho yakiwa mekundu, akalichukua akaliweka mikononi mwa Walter. "Libebe wewe," alisema. "Wewe na Lakhbir mmelileta." Wote walipiga makofi, kwa moyo kabisa. Walitembea pamoja kuelekea klabu wakiimba, Walter katikati na kombe kifuani, Jemima akishika kishikio kimoja.

Mlangoni wimbo ulikwisha.

Waliotangulia walikuwa wameanza kuingia. Bwana Tibbetts alisimama kutoka kwenye kiti chake akatabasamu, maana naye alipenda timu. Kisha akaona nani amelishika kombe. Alimtazama Ron. Ron alitazama viatu vyake.

"Kombe linaweza kuingia," alisema mzee, akanyoosha mikono miwili. "Nipe nilipeleke kabatini. Ninyi sahani zenu ziko tayari kule nyuma. Leo wamewawekea na keki."

Hakusema kwa dharau. Pengine alidhani habari ya keki itawafurahisha.

Walter aliitazama mikono ile. Aliisikia mikono ya Jemima ikivuta kishikio. Nyuma yake Truphosa hakumsukuma wala kumzuia, na hilo Walter alilishukuru hadi miaka mingi baadaye.

"Hapana," alisema Walter.

"Nini?"

"Hapana, Bwana Tibbetts."

Akageuka, kombe kifuani, akaanza kuondoka. Truphosa akamshika mtoto mkono. Lakhbir na Gurmeet wakafuata. Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha, mwingine akapiga kelele kwamba huo ni wizi. "Walter, usifanye hivi," Ron aliita. Kevin aliweka mkoba wake chini kwenye lami kama anayetaka kuwafuata, akasimama hapo, akaangalia mlango, akaangalia barabara, halafu akauokota mkoba akaingia ndani.

Walipokata kona Lakhbir aliuliza, "Sasa umefanya nini?"

"Sijui."

"Basi tembea haraka kidogo."

*

Kombe lilikaa mezani nyumbani kwa Walter, kati ya chumvi na redio, na hakuna aliyefurahi kuliona. Asubuhi Walter alisema, "Nitalirudisha. Si langu."

"Rudisha," alisema Truphosa. "Lakini usilipeleke. Mwenye kulitaka aje."

Alikuja kabla ya saa ya kanisa. Jemima alifungua mlango, na Ron Hadley alikuwa amesimama nje kwa suti yake ya Jumapili. Hakuwahi kupita pale mlangoni. Siku za mvua alimshusha Walter barabarani.

"Ingia, Mista Hadley," alisema Walter.

"Nitasimama hapahapa tu. Sikai."

Truphosa alitoka jikoni akifuta mikono. "Nyumba hii haina desturi ya kuweka mtu mlangoni," alisema kwa Kiingereza chake cha wodini, kilichonyooka. "Ingia."

Aliingia. Alipewa kiti kizuri, chai ya maziwa na maandazi kwenye sahani ya wageni. Hakujua pa kuweka kofia yake. Truphosa aliichukua akaitundika. Alikula andazi moja, akasema ni tamu, na ilionekana wazi kwamba kulimeza kulimpa taabu.

"Kamati imekasirika," alisema. "Wanazungumza habari za polisi. Nimewaambia wangoje. Na ile nafasi ya ukaguzi, Walter, mambo yakienda hivi sitakuwa na la kusema. Nataka kukusaidia."

"Kombe ni hilo," alisema Walter. "Utalichukua. Nilitaka tu uje."

Ron alipumua. Aliinua mkono kulifikia, na hapo Truphosa akauliza, "Ile kura, Bwana Hadley. Ulisema hazikutosha. Zilipungua ngapi?"

Mkono ulisimama hewani.

"Ni mambo ya ndani ya klabu."

"Sisi tuko nje, ndiyo maana nauliza."

Ron alilitazama kombe. Jemima alikuwa ameketi ngazini, magoti yamefunikwa na gauni, akisikiliza.

"Hazikupungua," alisema. "Zilikuwa sawa. Nusu kwa nusu."

"Zikiwa sawa, nani anaamua?"

Ron alizungusha kikombe chake mezani, na Walter akataka kumwonea huruma. "Mwenyekiti," alisema Ron. "Mwenyekiti anapiga kura ya mwisho." Akageuka kwa Walter. "Nimekuwa nikienda pale tangu vita viishe. Mke wangu anacheza bingo pale. Rafiki zangu wote, wote wako pale. Wangenitenga."

Walter alisimama, akalichukua kombe, akalifuta alama za vidole vya mtoto kwa kona ya shati lake, akampa. Alimletea na kofia.

"Msimu ujao utarusha?" Ron aliuliza akiwa kizingitini. Alijua ni swali la kijinga, lakini alikuwa anaupenda mkono ule kwa kweli na hakuweza kujizuia.

"Si kwako, Ron," alisema Walter. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mlango ulipofungwa alibaki amesimama, mgongo umeuegemea. Truphosa alikusanya vikombe. Alitaka kumwambia kwamba anamwonea fahari, lakini nyumba yao haikuwa ya maneno kama hayo, na machozi yalikuwa karibu.

"Vaa koti," alimwambia. "Tutachelewa."

*

Nafasi ya ukaguzi alipewa mtu mwingine. Walter alikaa kwenye mashine zake hadi majira ya baridi, akivumilia ukimya wa watu waliomwona mwizi wa kombe lililokuwa limerudi kabatini, kisha akapata kazi kwenye karakana moja ya Tyseley. Koti safi halikuwapo huko pia. Bega lilipona nusu.

Mwezi wa nne yeye na Lakhbir waliandikisha timu yao wenyewe. Waliokota watu popote walipowapata: vijana wa hoki wa gurudwara, hekalu la Masingasinga, dereva wa basi kutoka Jamaika, na Wazanzibari wawili, Vuai na Mkubwa, wacheza kriketi waliolishika gongo kama la kriketi na hawakukubali kusahihishwa. Kevin alikuja mara moja, akacheza, akala nao kwenye nyasi chapati za Gurmeet, na baada ya hapo hakuonekana tena. Mwili wa Walter haukuwa ule wa mwaka uliopita. Mipira waliyopigwa na wapinzani iliokotwa kila pembe ya bustani.

Siku moja wodini, wakitandika kitanda pamoja, sista aliyekuwa akimtuma Truphosa kuosha mabeseni alimuuliza, kwa ajili ya kuzungumza tu, timu ya mumewe inaendeleaje.

"Wanafungwa," alisema Truphosa. Alivuta shuka, akalikunja pembeni, na kicheko kikamtoka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. "Wanafungwa vibaya sana."